Luol Deng: Mchezaji Aliyekubali Kuwa Mwalimu



Kila mwaka gazeti letu humtaka mwanafunzi mmoja wa kidato cha nne aandike somo juu ya maisha ya mtu fulani, ili wadogo zetu wapate la kujifunza, na ndugu zetu waliokwisha kumaliza shule wapate la kukumbuka. Wenzangu walionitangulia waliandika habari za maaskofu, za madaktari na za watawala. Mimi nimemchagua mchezaji wa mpira wa kikapu. Najua wako watakaosema kwamba mchezo si somo. Nawaomba wasome mpaka mwisho, ndipo wahukumu.

Sikumchagua mtu huyu kwa urefu wake, wala kwa fedha alizozipata Marekani. Nimemchagua kwa sababu mwaka jana nilifanya kosa hapa Nesitu, na maisha yake ndiyo yaliyonionyesha kosa hilo. Basi yafaa nianze na kosa lenyewe.

KOSA LANGU

Mwaka jana nilifanywa kapteni wa mpira wa kikapu. Kiwanja chetu mnakijua: udongo mwekundu uliopigwa ukakauka, upande mmoja ni barabara kuu ya Juba kwenda Nimule, ambako malori yatokayo Uganda hupita yakinguruma usiku na mchana, upande wa pili ni miembe. Tuna nguzo mbili za msaji na pete mbili ambazo fundi wa kuchomelea alitukunjia kwa nondo. Mpira ulikuwa mmoja tu.

Bruda anayesimamia michezo aliniita akaniambia, "Kapteni, siku za Jumanne na Alhamisi utawafundisha wadogo wa kidato cha kwanza." Nikamjibu, "Ndiyo, Bruda." Lakini moyoni nikasema: mimi ni mchezaji, si yaya. Siku hizo zilipofika niliuchukua mpira nikacheza na wenzangu tisa tuliokwisha kuujua mchezo. Wadogo walikaa chini ya mwembe wakitutazama. Mmoja wao, mtoto mfupi mwenye miguu miembamba, alikuwa akikimbia kila mara kutuokotea mpira ulipotoka nje. Siku moja aliponirudishia aliniuliza, "Kaka, zamu yetu lini?" Nikamjibu, "Ukirefuka." Wenzangu wakacheka, nami nikacheka.

Muhula wa pili tulikwenda kucheza na shule moja ya Juba. Wawili wetu walikuwa wameshikwa na malaria, na mmoja alikuwa ameitwa nyumbani kwa msiba. Katika kipindi cha tatu wawili wengine walitolewa kwa kutimiza makosa matano. Tukabaki watano bila mtu wa akiba. Kisha mmoja akateguka kifundo cha mguu, tukamaliza mchezo tukiwa wanne. Wadogo wetu walikuwapo, walikuja kutushangilia, na baadhi yao walikuwa na viatu miguuni; lakini hapakuwa na hata mmoja aliyejua asimame wapi kiwanjani. Tulishindwa vibaya.

Bruda hakunigombeza. Tulipokuwa ndani ya lori tukirudi aliniambia neno moja tu: "Kapteni, leo umecheza vizuri sana." Neno hilo liliniuma kuliko fimbo. Likizo iliyofuata nilianza kutafuta habari za Luol Deng, nipate kujua mchezaji mkubwa hufanya nini na ujuzi wake.

MTOTO WA WAU

Luol Deng alizaliwa katika mji wa Wau tarehe 16 Aprili 1985. Wakati huo nchi yetu ilikuwa bado sehemu ya Sudan, na vita vilivyoanza mwaka 1983 vilikuwa vikiendelea. Baba yake, Aldo Ajou Deng, alikuwa mwanasiasa: alikaa katika Bunge la Sudan na kupewa cheo cha waziri. Hatari ilipozidi, jamaa hiyo ilikimbilia Misri, na Luol alikuwa mtoto mdogo.

Wengi wenu mnaijua hali hiyo bila ya kuelezwa. Mimi nilikulia katika kambi ya Kakuma, Kenya, na ndiko nilikojifunza Kiswahili hiki ninachoandikia. Mkimbizi hukaa akingoja: angoja chakula, angoja karatasi, angoja habari za nyumbani. Kungoja huko kwaweza kumharibu kijana kuliko njaa. Ndiyo maana mtu ajaye kambini akasema, "Njoni niwafundishe jambo," hata kama jambo lenyewe ni kurusha mpira, huyo huwa ameokoa siku ya mtoto.

Mtu wa namna hiyo alitokea katika maisha ya Luol Deng.

MWALIMU MREFU

Jina lake Manute Bol, mwana wa nchi yetu, mtu wa Turalei. Urefu wake ulikuwa mita 2.31, na mwaka 1985, mwaka uleule aliozaliwa Luol, aliingia katika ligi kuu ya Marekani iitwayo NBA akiichezea timu ya Washington. Kazi yake kubwa ilikuwa kuzuia. Yako mambo mawili katika hesabu za maisha yake ambayo hupenda kuyataja kwa wadogo. Katika ligi hiyo alifunga pointi 1,599, lakini mipira ya wapinzani aliyoizuia isiingie kikapuni ilikuwa 2,086. Basi alilinda zaidi kuliko alivyofunga. Fedha nyingi alizozipata alizitumia kuwasaidia watu wetu waliokuwa vitani na ukimbizini. Alifariki tarehe 19 Juni 2010, akazikwa Turalei.

Huko Misri Manute Bol alikutana na jamaa ya Deng. Alimfundisha Ajou, kaka yake Luol, kucheza mpira wa kikapu, na mdogo akawa akitazama na kujifunza pamoja naye. Wakati huo Luol alipenda kandanda, kama watoto wengi wetu. Hakuna aliyeweza kujua mtoto yule atakuwa nani. Bol hakungoja ajue. Nami nilipofika hapa katika masomo yangu nilimkumbuka yule mtoto wa chini ya mwembe, na jibu nililompa.

LONDON NA MAREKANI

Serikali ya Uingereza iliikubali jamaa ya Deng kama wakimbizi wa siasa, nayo ikakaa South Norwood, kusini ya London. Huko Luol alicheza katika klabu ya Brixton Topcats chini ya mwalimu Jimmy Rogers, aliyewalea vijana wengi wa mitaa hiyo. Alipokuwa na miaka 14 alivuka bahari kwenda kusoma Blair Academy, katika jimbo la New Jersey, Marekani. Baada ya hapo akaingia Chuo Kikuu cha Duke, akachezea timu ya mwalimu mashuhuri Mike Krzyzewski kwa mwaka mmoja.

Mwaka 2004 alichaguliwa wa 7 katika uteuzi wa wachezaji wapya wa NBA. Jina lake lilitajwa na timu ya Phoenix, lakini haki yake ilikwenda kwa Chicago Bulls, na huko akacheza mpaka Januari 2014. Baadaye alichezea Cleveland, Miami, Los Angeles Lakers na Minnesota. Mwaka 2007 alipewa tuzo ya uungwana michezoni. Mwaka 2012 na 2013 alichaguliwa katika mchezo wa nyota wa ligi. Katika misimu miwili ya wakati huo hakuna mchezaji wa ligi nzima aliyekaa kiwanjani dakika nyingi kuliko yeye kwa kila mchezo. Hakuwa mtu wa madaha. Alikuwa mtu wa kukimbia, kulinda, na kufanya kazi ambayo mtazamaji haioni upesi.

Mwaka 2006 alipata uraia wa Uingereza, na mwaka 2012 aliichezea nchi hiyo katika Michezo ya Olimpiki ya London, mji uliompokea alipokuwa hana kwao. Mwaka 2019 aliacha kucheza. Chicago walimwandikia mkataba wa siku moja ya heshima, ili astaafu akiwa mtu wao.

Sasa, ndugu zangu, hesabuni walimu wake: Bol Misri, Rogers London, Krzyzewski Duke. Watu watatu, katika nchi tatu, na hakuna hata mmoja aliyezaliwa nyumba moja naye. Kila mmoja alimpa sehemu yake. Mtu aliyepokea hivyo ana deni, wala deni hilo haliwezi kulipwa kwa waliomkopesha. Hulipwa kwa wale wanaokuja nyuma.

KURUDI KULIPA DENI

Novemba 2019, mwaka uleule alioacha kucheza, Deng alichaguliwa kuwa rais wa Chama cha Mpira wa Kikapu cha Sudan Kusini. Nchi yetu ilikuwa huru tangu tarehe 9 Julai 2011, na ilikuwa imekubaliwa katika chama cha dunia, FIBA, mwaka 2013. Lakini nini kilikuwako? Hakukuwa na ukumbi hata mmoja wa ndani wa mchezo huo katika nchi nzima. Vijana walicheza juani, na mvua ikinyesha mchezo ulikwisha. Fedha hazikuwako. Wachezaji walikuwa wametawanyika Marekani, Kanada, Australia na kwingineko, kila mmoja alikotupwa na vita.

Deng alianza kuwatafuta mmoja mmoja. Alitoa fedha zake mwenyewe kwa tiketi za ndege, hoteli na kukodi kumbi za mazoezi. Kisha, mwezi wa Novemba 2020, wakati wa maradhi ya korona, timu ilikwenda Kigali katika michezo ya kufuzu kombe la Afrika. Aliyesimama kando ya kiwanja kama mwalimu wa taifa alikuwa Deng mwenyewe. Alivua ukubwa wa mchezaji mashuhuri, akavaa filimbi. Timu ikafuzu kuingia kombe la Afrika la mwaka 2021.

Jambo lililofuata ndilo linalonishangaza zaidi. Baada ya kazi hiyo kufaulu, ualimu mkuu aliukabidhi kwa Royal Ivey, Mmarekani aliyekuwa mchezaji wa NBA, naye Deng akakaa katika benchi kama msaidizi wake. Fikirini: rais wa chama, mchezaji aliyekuwa nyota, mwalimu aliyeifuzisha timu, anakubali kuwa wa pili kwa sababu anaona timu itafaidika. Mimi nilikataa kushuka kutoka ukapteni hata kwa saa mbili za Jumanne.

MANILA NA LILLE

Matunda yake mliyaona wenyewe. Katika kombe la Afrika la mwaka 2021, lililochezwa Kigali, timu yetu ilifika robo fainali mara ya kwanza iliyoingia. Februari 2023 ikafuzu Kombe la Dunia, ikiwa ya kwanza kufuzu kutoka Afrika. Mwezi wa Agosti mwaka huo ilikwenda Manila, mji mkuu wa Ufilipino, nchi ambayo watu wake huupenda mpira wa kikapu kama sisi tunavyoipenda mieleka. Ilifungwa na Puerto Rico 101 kwa 96 baada ya muda wa nyongeza, ikaifunga China 89 kwa 69, ikafungwa na Serbia. Tarehe 31 Agosti ikawafunga wenyeji, Wafilipino, 87 kwa 68, mbele ya watu wao. Tarehe 2 Septemba ikaifunga Angola 101 kwa 78, na kwa kuwa ilikuwa ya kwanza kati ya timu za Afrika ikapata nafasi katika Michezo ya Olimpiki ya Paris ya mwaka 2024.

Tarehe 20 Julai 2024, katika mchezo wa majaribio London, Marekani yenye wachezaji wake wakubwa iliponea chupuchupu: 101 kwa 100, baada ya LeBron James kufunga katika sekunde za mwisho. Siku nane baadaye, Jumapili tarehe 28 Julai, timu yetu ilicheza na Puerto Rico katika mji wa Lille, Ufaransa. Sisi tulikuwa tumetoka Misa, tukajazana mbele ya televisheni ya duka moja hapa Nesitu, wengine wamepanda juu ya makreti ya soda. Kabla ya mchezo, waandaaji walikosea wakapiga wimbo wa taifa wa nchi nyingine. Dukani watu walipiga kelele za hasira. Wachezaji walisimama kimya wakangoja mpaka wimbo wetu ulipopigwa. Kisha wakashinda 90 kwa 79, na Carlik Jones akafunga pointi 19. Baadaye walifungwa na Marekani 103 kwa 86, na Serbia 96 kwa 85, nao wakarudi vichwa vyao viko juu.

Tazameni wachezaji waliokusanywa katika miaka hiyo. Wenyen Gabriel alizaliwa Khartoum. Nuni Omot alizaliwa Kenya. Marial Shayok alizaliwa Ottawa, Kanada. Jones mwenyewe ni Mmarekani aliyepewa uraia wetu. Khaman Maluach alizaliwa Rumbek mwaka 2006, akakulia Uganda, na mpira wa kikapu aliuanza mwaka 2019 tu. Alicheza Kombe la Dunia akiwa na miaka 16 na Olimpiki akiwa na miaka 17, kisha akaenda Duke, chuo kilekile cha Deng. Mwaka 2025 alichaguliwa wa 10 katika uteuzi wa NBA, na haki yake ikaenda Phoenix. Mtoto mmoja huzaa mwingine katika ufundi kama vile katika ukoo: Bol alimfundisha Deng, Deng akawatengenezea njia akina Maluach. Mnyororo huu hukatika pale tu mmoja asemapo, "Mimi ni mchezaji, si yaya."

MFANO WA MWOGELEAJI

Pengine mtu atasema: Deng alifundishwa vizuri, basi ni haki yake kufundisha; je, mtu asiye na mwalimu? Nitamjibu kwa mfano wa Eric Moussambani wa Guinea ya Ikweta. Yeye alikwenda Olimpiki ya Sydney mwaka 2000 baada ya kujifunza kuogelea kwa miezi michache tu, katika bwawa dogo la hoteli na baharini. Bwawa la mita 50 hakuwa amewahi kuliona. Tarehe 19 Septemba alipangwa na wenzake wawili katika mita 100. Wote wawili wakaondolewa kwa kuruka kabla ya wakati, akaachwa peke yake majini. Mita za mwisho alikuwa karibu kuzama kwa uchovu. Alimaliza kwa dakika 1 na sekunde 52.72, hali mshindi wa mashindano yale alitumia sekunde 48.30. Wako waliocheka, na wengi waliosimama kumpigia makofi.

Mtu mwingine angeficha uso wake maisha yote. Moussambani aliendelea na mazoezi akapunguza muda wake mno, na mwaka 2012 akafanywa mwalimu wa timu ya taifa ya kuogelea ya nchi yake. Aliyejua vizuri kuliko wote jinsi ilivyo kuingia majini bila ya kufundishwa, ndiye aliyesimama ukingoni kuwafundisha wengine. Kwa hiyo aliyepata mwalimu ana deni, na aliyemkosa mwalimu naye anajua uchungu wake. Wote wawili hawana udhuru.

TULIVYOFANYA KWA MPIRA MMOJA

Muhula ulipofunguliwa nilikwenda kwa Bruda nikamwomba radhi, kisha nikawaita wadogo. Walikuja ishirini na wanne. Mpira ulikuwa bado ni mmoja. Nitaeleza tulivyofanya, maana huenda ndugu zetu waliokwisha kumaliza, ambao sasa ni walimu vijijini, wakapata faida.

Juma la kwanza hatukugusa mpira. Tulijifunza kusimama: miguu ipanuke kadiri ya mabega, magoti yakunjwe, mikono iwe wazi, macho mbele. Kisha tukajifunza kwenda upande kwa upande bila ya miguu kupishana, kutoka mwembe mpaka nguzo na kurudi. Huo ndio ulinzi, na ulinzi hauna haja ya mpira.

Juma la pili tulifunga mipira sita ya mifuko ya nailoni na kamba. Haidundi, lakini yatosha kwa pasi. Tulijifunza pasi ya kifua: viwiko karibu na mbavu, hatua moja mbele, mikono inyooke mpaka vidole gumba vitazame chini. Tulijifunza pia kuugeukia mguu mmoja, yaani mguu mmoja uwe kigingi kilichopigwa ardhini, wa pili uzunguke.

Juma la tatu walilala chali, kila mtu akarusha mpira wake wa nailoni juu na kuudaka, mkono mmoja, kiganja chini ya mpira, mpaka uende wima na kurudi palepale. Mkono uliozoea kunyooka hivyo, hata ukiletwa mbele ya pete yenye urefu wa mita 3.05, haupotoki upesi. Mpira wa kweli tuliutumia kwa zamu ya kudunda, kila mtoto nusu dakika, wenzake wakihesabu kwa makofi.

Yule mtoto mfupi hakurefuka. Lakini siku zile zote alizotuokotea mpira alikuwa akitazama, na kumbe aliujua mchezo wetu kuliko sisi: alijua nani hupenda kukimbilia kulia, nani huchoka, nani hatoi pasi. Alipopewa nafasi, pasi zake zilifika kabla hujajua kwamba unazihitaji. Siku moja aliniambia kwa adabu, "Kaka, wewe hutazami upande wa kushoto." Ilikuwa kweli. Miaka minne ya kucheza hakuna aliyeniambia.

Mwaka huu tulirudi kucheza na shule ileile ya Juba. Sitawadanganya, tulishindwa tena, kwa pointi nne. Lakini wadogo saba waliingia kiwanjani, na tulimaliza tukiwa watano, wengine wakiwa akiba. Katika lori Bruda alilala usingizi njia nzima.

SHAURI NILILOLIKATA

Sasa nakaribia kumaliza masomo. Mjomba wangu aliyeko Juba amenitafutia nafasi ya kujaribiwa katika klabu moja mara tu baada ya mtihani. Wakati huohuo Bruda ameniomba nikae hapa mpaka matokeo yatoke, niwafundishe wadogo na nimwandae atakayekuwa kapteni baada yangu. Yote mawili hayawezekani.

Nimesumbuka sana. Deng alicheza kwanza, ndipo akafundisha. Mimi sijacheza popote ila katika kiwanja cha udongo. Huenda nafasi hii ya klabu isirudi tena. Nilipompigia simu mjomba nikamwambia, "Shikamoo mjomba, naomba uniwie radhi, nitabaki Nesitu kwanza," alinyamaza, kisha akasema, "Mpwa wangu, mpanda ngazi hushuka, lakini wewe washuka kabla hujapanda." Sikuwa na jibu la kumpa. Hata leo sina jibu zuri.

Lakini nimewaza hivi. Kama nikienda Juba, mchezaji mmoja atajaribiwa. Nikibaki, ishirini na wanne watafundishwa, na mmoja wao anaona upande wa kushoto. Manute Bol hakumwambia Luol Deng, "Ukirefuka." Basi nami nimebaki.

Kwenu ninyi mliokwisha kumaliza shule: kama unao ujuzi wowote, wa mpira, wa useremala, wa hesabu au wa uimbaji, njoo Jumamosi moja chini ya miembe. Mpira wa pili nao tutaupokea kwa mikono miwili. Kwenu wadogo: mkiona kapteni anacheza tu na hafundishi, muulizeni kwa adabu, "Kaka, zamu yetu lini?" Swali hilo mna haki nalo.

MASWALI YA KUJIULIZA

1. Taja walimu watatu wa Luol Deng na mahali alipokutana na kila mmoja. Je, wewe walimu wako watatu ni nani?

2. Kwa nini Deng aliukabidhi ualimu mkuu kwa mwingine akakubali kuwa msaidizi? Wewe ungefanyaje?

3. Manute Bol alizuia mipira 2,086 na kufunga pointi 1,599. Tofauti ni ngapi, nayo yatufundisha nini juu ya kazi isiyoonekana?

4. Mjomba wa mwandishi alikuwa na haki au hakuwa nayo? Jadilianeni, pande zote mbili.